Mliyemwita wa kwanza alikuwa wa pili

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu lilipokuwa likitufikia kwa basi la jioni, na siku zote hizo sijakuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari yenu ya mtu mweusi wa kwanza kwenda anga za juu imenishinda. Mliandika kuwa ni Guion Bluford, aliyeruka na Challenger, chombo cha Wamarekani, tarehe 30 Agosti 1983. Sivyo. Bluford ni Mmarekani mweusi wa kwanza, na heshima hiyo simnyang'anyi. Lakini karibu miaka mitatu kabla yake, tarehe 18 Septemba 1980, Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba aliruka kutoka Baikonur, uwanja wa Wasovieti wa kurushia vyombo vya anga, kwa chombo chao cha Soyuz 38, yeye na Msovieti Yuri Romanenko, wakaenda kukaa katika kituo cha anga za juu cha Salyut 6. Walirudi baada ya karibu siku nane.

Mtasema ni kosa dogo. Basi sikilizeni lilichofanya. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la saba alishiriki chemsha bongo shuleni kwao. Swali likaja hilo hilo. Mtoto akajibu bila kusita, "Tamayo Méndez," kwa sababu mimi ndiye niliyemsimulia: yatima wa Guantánamo, aliyeng'arisha viatu vya watu angali mtoto, akaja kuwa rubani wa ndege za kivita, kisha akaizunguka dunia mara 124. Nilimsimulia hadi majaribio ya sukari waliyoyafanya kule juu, maana kwao ni nchi ya miwa kama kwetu hapa. Mwalimu akachomoa gazeti lako, akasoma kwa sauti mbele ya wazazi, akamkata alama. Kundi lake likashindwa kwa alama hiyo hiyo moja. Njiani mtoto alikuwa kimya, halafu akaniuliza, "Babu, kumbe ulinidanganya?" Mhariri, nina miaka sabini na miwili na sijawahi kuulizwa neno lililonichoma vile.

Na wanawake mnawafanyia hivyo hivyo. Kila mkimtaja Sally Ride wa 1983, mwanamke Mmarekani wa kwanza angani, neno "Mmarekani" linaanguka njiani, na Msovieti Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza hasa, aliyeruka tarehe 16 Juni 1963 akazunguka mara 48 peke yake chomboni, anafutika. Hata Msovieti mwingine, Svetlana Savitskaya wa 1982, alimtangulia Ride. Mnatafsiri habari za mashirika ya nje bila kufungua kitabu, na mkikosea, masahihisho mnayafukia chini ya matangazo ya viwanja.

Safari hii yatoeni ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile, na picha ya Tamayo akiwa amevaa vazi lake la anga. Nakala moja mpelekeeni mwalimu yule. Nyingine nitaibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Nimeshaomba ruhusa, na nafasi nimeipima, ukurasa mzima unaingia.

Babu wa mwanafunzi, Morogoro