Barua kwa Sauda: Miche yangu

Walukuba, Jinja
26 Aprili

Mpendwa Sauda,

Assalam alaykum. Barua yako imenifikia Ijumaa, nikaisoma barazani nikicheka peke yangu hadi watoto wakaniuliza kulikoni. Eti nimekuwa mkulima kweli au ni maneno tu? Ungeziona kucha zangu usingeuliza. Na kwa kuwa unasema mwaka huu unataka kulima kile kiwanja cha nyuma ya nyumba hapo Bombo, nitakueleza yote, pamoja na yale ya aibu.

Nilianza Februari kwa pupa. Nilinunua mbegu za nyanya, sukuma wiki, pilipili hoho na karoti, nikapasua jerikeni ya lita 20 kwa urefu, nikaijaza udongo mweusi wa kinamasi, ule unaouona ukasema huu hata jiwe litaota. Sikutoboa chini. Nikaimwagilia asubuhi na jioni, nikaisukuma uvunguni mwa meza barazani jua lisije likaichoma. Nyanya zikatoka siku ya sita. Sauda, vile vichwa vilivyokunjika vikiinua udongo kidogo kidogo! Niliwaita watoto waje waone, nikampigia simu hata shemeji yako kazini.

Kufika siku ya kumi na mbili vilikuwa virefu, vyeupe, vyembamba kama uzi, vyote vimeinamia upande wa uani kulikokuwa na mwanga. Asubuhi iliyofuata nikakuta nusu vimelala. Nilikiinua kimoja: majani mazima kabisa, mabichi, lakini pale shingo inapogusa udongo pamesinyaa na kuwa maji matupu. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Jioni hakikubaki hata kimoja.

Unamkumbuka jirani yangu Nalongo, mama wa wale pacha? Kiswahili chake ni cha kambini, alikipata kwa marehemu mumewe aliyekuwa mwanajeshi, na hakina subira. Alisimama juu ya ile jerikeni akaniambia, "Wewe nakunywesha hii kama ng'ombe. Hii ni mtoto, iko nalala ndani ya maji." Nilipomsimulia mjomba wa Mwanza kwa simu akasema kwao ugonjwa huo wanauita kinyausi. Ni ukungu wa udongoni, hupenda umajimaji, kivuli na miche iliyobanana. Yaani mimi nilikuwa nimeutandikia kitanda.

Basi Machi mwanzoni nikaanza upya, chini ya macho ya Nalongo. Tulifanya kitalu cha mwinuko, upana mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Udongo wa juu, samadi iliyooza hasa (ukiinusa haina harufu), na mchanga kidogo ili maji yapite. Tukachemsha sufuria mbili za maji, tukamwagia udongo, tukauacha upoe hadi kesho yake. Mistari tuliichora kwa kijiti, kina chake kama sentimita moja tu, maana mbegu ndogo ukiizika mbali inachoka kabla haijafika juu. Kati ya mstari na mstari tuliacha kama sentimita kumi na tano, na mbegu tulizidondosha mojamoja. Hapo nilitaka kumwaga kiganja kizima nikapigwa kofi la mkono. Juu tukatandaza nyasi kavu, na nyasi hizo zinaondolewa siku ileile unapoona vichwa vya kwanza, usingoje kesho.

Hoho zilinitia wazimu. Sukuma ilitoka siku ya tano, nyanya siku ya saba, hoho kimya. Siku ya kumi nikafukua kwa kijiti nione kama zimekufa. Nikakuta mbegu imetoa kamkia keupe, nami nikakavunja. Zilizobaki zilitoka wiki ya pili ilipokwisha. Kwa hiyo wewe usifukue.

Kitu kingine: nilikuwa nasoma kwenye simu maelezo ya watu wa nchi za baridi, wanakwambia usie mbegu ndani ya nyumba wiki sita au nane kabla ya sakitu ya mwisho, yaani umande unaoganda usiku kwa baridi. Nikakaa nikiwaza, umande ugande Jinja? Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana una urefu wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kinachotupangia ni mvua. Mvua za masika zinaanza Machi, za vuli Septemba, nawe hesabu kurudi nyuma kama mwezi mmoja ili miche ikute ardhi imelowa. Mimi kwa uzembe wa Februari nimechelewa kidogo. Wewe ukisia mbegu Agosti utakuwa sawasawa.

Miche tuliijengea kichanja cha majani ya mgomba, kimo cha kiuno. Kadiri miche ilivyokua tukawa tunaondoa majani machache kila baada ya siku mbili, na wiki ya mwisho kichanja kikatoka chote, maji nayo yakapungua. Roho iliniuma kuiona ikinywea mchana. Nalongo akasema wacha ijue jua. Mashina yakawa manene, ya nyanya yakapiga rangi ya zambarau upande wa chini.

Kuhamisha nilifanya miche ilipofika majani manne au matano na urefu wa shibiri moja hivi, saa kumi na moja jioni, baada ya kulowesha kitalu. Unaichimbua na udongo wake. Unaishika kwa jani, kamwe si kwa shina, kwani jani likikatika litaota jingine, shina likiminywa ndiyo basi. Nyanya nilizizika hadi karibu na majani ya kwanza, kwa sababu ile sehemu ya shina inayofukiwa nayo hutoa mizizi. Sukuma usiizike moyo wake, pale majani machanga yanapotokea. Nilikata kijiti cha sentimita sitini nikapima nafasi za nyanya, ingawa ilinionekea ni uchoyo wa ardhi kuacha pengo lote lile. Sasa majani yanakaribia kukutana.

Usiku wa kwanza, katika miche ishirini ya nyanya, sita ilikatwa chini kama kwa wembe na kuachwa hapohapo, hata haikuliwa! Nilipotia kidole udongoni kando ya mmoja nikamtoa sota, funza mnene wa kijivu, amejikunja kama herufi C. Niliwatupia kuku wamle, bila huruma. Tangu hapo kila mche nauvisha kola ya gazeti la Bukedde, nusu ndani ya udongo nusu nje, na sijapoteza mwingine.

Karoti nazo nilizihamisha, usicheke. Juzi nimeng'oa moja, ina miguu mitatu kama jiko la mawe. Zile husiwa palepale zitakapokaa, mzizi wake mkuu hautaki kuguswa. Mboga za majani kama nakati na dodo (mchicha) pia nimeambiwa humwagwa moja kwa moja shambani, unapunguza tu kwa kung'oa zilizobanana, nazo unapika jioni hiyohiyo. Kwa kweli ungeanza na dodo. Haikuvunji moyo.

Kassim anakuja Kampala Jumatano, nitampa miche kumi ya hoho iliyobaki, kila mmoja nimeufunga udongo wake kwa ganda kavu la mgomba. Mwambie mwanao aifuate stendi mapema, isishinde juani. Siku mbili tatu italegea mchana, jioni itasimama. Ikilegea mpaka asubuhi ndipo unipigie.

Msalimie mama sana, na mwambie ule ungo wake bado ninao, ndio ninaoanikia mbegu.

Wako,
Hawa

Tena: nimeifungua bahasha. Wale kuku niliowalisha sota wameonja utamu wa kitalu, wamepekua mstari mzima wa sukuma na miche miwili ya hoho. Miche ya hoho ni minane sasa, si kumi.