Barua kwa Mjomba kutoka Monako

Beausoleil, Ufaransa
Februari 2

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi na wote hapo Muheza. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na baridi naivumilia shingo upande.

Uliniuliza kwenye simu kama watu wa Monako wana lugha yao au ni Wafaransa waliojitenga tu. Nilikuwa kazini, ndiyo maana nikakujibu kwa mkato.

Kwanza ujue silali Monako, kodi ya nyumba kule si ya mpishi. Nalala Beausoleil, upande wa Ufaransa. Nikivuka barabara, hakuna askari wala muhuri, nishaingia nchi nyingine. Yenyewe ni kilomita za mraba 2 na ushei, imebanwa kati ya mlima na bahari, hata mtaa na mtaa vimeunganishwa kwa lifti za umma. Wakazi ni elfu 38 hivi, na wenye uraia ni kama robo yao.

Lugha wanayo. Kimonako ni ndugu wa lugha ya Genoa, mji wa Italia, wala si Kifaransa kilichoharibika kama anavyodai mwenzangu mmoja jikoni. Wagenoa ndio waliojenga ngome juu ya mwamba mwaka 1215. Mwaka 1297, husimuliwa, François Grimaldi alibisha hodi kavaa joho la mtawa, upanga kauficha ndani, akaiteka. Ukoo wake unatawala mpaka leo, na ujanja ule hawauonei haya: kwenye nembo ya taifa wamesimama watawa wawili, kila mmoja na upanga wake.

Kifaransa ndicho lugha ya serikali. Ila kilichoibana zaidi lugha ya wenyeji, kwa maoni yangu, ni fedha. Menton na Roquebrune, miji ya malimau iliyokuwa chini ya Monako, iliasi mwaka 1848 kwa kuchoshwa na kodi, na mwaka 1861 mtawala akaiachia Ufaransa kwa faranga milioni 4. Akabaki na kipande cha pwani na hazina iliyokauka. Ndipo kasino ikashika kasi, reli ikafika mwaka 1868, wageni wakamiminika. Raia wenyewe hawaruhusiwi kucheza kamari humo. Ya mgeni iliwe, ya mwenyeji ilindwe! Hapo nimewavulia kofia.

Katikati ya wageni hao, Kimonako kikabaki vinywani mwa wazee. Mwaka 1927 Louis Notari akatoa utenzi juu ya Mtakatifu Devota, wa kwanza katika fasihi ya lugha hiyo, na maneno ya wimbo wa taifa unaoimbwa leo ni yake pia. Tangu 1976 kinafundishwa shuleni.

Huyo Devota ni mfia dini wa kisiwa cha Corsica. Wanasema maiti yake ilipakiwa mashuani ikafika Monako, na baadaye wezi wakaiba masalia yake. Wavuvi wakawakamata, wakaichoma mashua yao. Basi kila Januari 26 jioni mashua huchomwa mbele ya kanisa lake, na anayewasha moto ni mtawala mwenyewe. Juzi nilikwenda. Mbele yangu kasimama mtoto wa miaka minane hivi, anamkariria babu yake shairi la shuleni kwa Kimonako. Mzee anamsahihisha, wanacheka. Baba mtu, katikati yao, anamuuliza mzee kwa Kifaransa, "Amesema nini?" Kizazi kimoja kimerukwa, Mjomba, na ndicho chenye kulea.

Jikoni tunapika barbagiuan, kitafunwa chao cha sikukuu ya taifa, Novemba 19. Unga unasukumwa mwembamba, ndani unatia spinachi ile ile ya kwetu, kitunguu na jibini laini, unafunga, unakaanga mpaka ibabuke rangi ya dhahabu. Ni binamu wa sambusa. Jina lake maana yake Mjomba Yohana, na kwa nini Yohana, kila mpishi ana hadithi yake. Nikija likizo nitakupikia.

Hela ya dawa za Bibi nimeituma jana, naomba uniarifu ikifika. Na barua yako ijayo niandikie kwa Kibondei, lugha yetu, walau nusu ukurasa. Yatakayonishinda nitampigia Bibi anifafanulie, ingawa najua atanicheka kwanza.

Mpwa wako,
Salimu