Salamu za Pasaka kutoka kitengo cha kusafisha damu

Wapendwa, Kristo amefufuka! Nawatakia Pasaka njema nyote, na kwa namna ya pekee wewe unayesoma ukiwa umelala kwa sababu kukaa kunakuchosha, wewe unayesubiri majibu ya vipimo, na wewe unayeuguza, ambaye hukumbuki ni lini ulilala usiku kucha.

Naandika nikiwa mgonjwa wa figo. Sisi tunaosafishwa damu kwa mashine tunaijua ratiba yake: kwa wengi ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara, na mashine haijui sikukuu. Ijumaa Kuu ikiangukia siku ya zamu yako, unakwenda. Unachomwa sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, nawe umekaa. Ukigusa pale mishipa ilipounganishwa, penyewe wanapaita fistula, unausikia mkono ukitetema chini ya ngozi mchana na usiku. Kutetema huko ndiyo dalili kwamba njia ya damu ni nzima. Kabla ya kulala huweka kiganja juu yake, nikishasikia kwamba kupo nasema, "Asante Bwana." Siku nyingine sala yangu ya jioni huishia hapo.

Hata hivyo sindano huzoeleka. Kisichozoeleka ni kiu. Figo zikishindwa kazi, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanabaki mwilini, miguu inavimba, na yakizidi yanaingia mapafuni mpaka pumzi inakuwa ya kutafuta. Kwa hiyo tunapimiwa maji. Unajifunza kusukutua bila kumeza, kunyonya kipande cha barafu taratibu, kumeza vidonge vyote kwa funda moja ili usitumie la pili. Usiku ulimi unakauka kabisa, na maji yapo pale pale mezani.

Ndiyo maana Ijumaa Kuu ya siku hizi hainipiti kama zamani. Tangu utotoni nimesikia maneno ya Bwana msalabani, na lile la Yohana 19:28, "Naona kiu," nilikuwa nalipita haraka nikiwahi "Imekwisha." Sasa nasimama hapo. Aliyemwahidi mwanamke Msamaria maji ya uzima anaomba kunywa. Aliyetembea juu ya bahari midomo imemkauka. Marko anasimulia kwamba kabla ya kusulubiwa walimpa mvinyo uliotiwa manemane, akaukataa. Lakini mwishoni, Yohana anasema, wakamwinulia sifongo iliyojaa siki, naye akaipokea. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, hakuweza kujinywesha. Akanyweshwa.

Nakuomba, ndugu mgonjwa, ulishike hilo. Najua aibu ya kulishwa na mtoto uliyemlisha wewe, ya kuogeshwa, ya kubebwa kwenda msalani. Bwana wako amepita hapo, na hakuacha kuwa Bwana.

Neno ambalo hasa nimekusudia kulisema msimu huu ni hili: imani ya mgonjwa haipimwi kwa kupona kwake. Wapo watu, tena wengi wao wanatupenda, wanaokuja kitandani na maneno kama "ungekuwa na imani ungekuwa umeshapona," au wanauliza kwa sauti ya chini kama kuna dhambi ambayo hujaitubu. Wanafunzi nao waliuliza hivyo kuhusu kipofu yule, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Someni pia habari za Paulo. Matendo ya Mitume 19 inasema wagonjwa walipelekewa leso na nguo zilizogusa mwili wake, wakapona. Lakini Paulo huyo huyo, katika barua ya pili kwa Timotheo, anataja kwa sentensi moja fupi kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hamlaumu, wala hamtafutii dhambi. Timotheo mwenyewe alikuwa akiugua mara kwa mara, na shauri alilopewa na Paulo lilikuwa kutumia mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Paulo ana ule mwiba wake mwilini: aliomba mara tatu uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Kama watu hawa walikuwa na upungufu wa imani, basi sijui nani anayo.

Sisemi Mungu haponyi. Namwomba aniponye, nitaendelea kumwomba, na nikisikia fulani kapona nashangilia kweli. Ninachokataa ni kumbebesha mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule alio nao.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiache dawa kwa jina la imani. Hili naliandika nikiwa na uchungu, maana wapo waliokatisha matibabu baada ya kuambiwa wameshapona, na matokeo yake tunayajua. Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Hakusema awafukuze matabibu wake. Na pale ambapo dawa haiwezi tena kuponya, bado ipo tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu. Cicely Saunders, Mkristo aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua nyumba ya kutunzia wagonjwa wanaokaribia kufa, St Christopher's, huko London mwaka 1967 akifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na yote yanastahili kutulizwa. Kuomba dawa ya maumivu si kumkana Kristo. Anayeteseka hana deni la kuteseka zaidi.

Je, ukishindwa kuomba? Zipo siku hizo. Homa imepanda, au umetoka kwenye mashine umechoka hata jina la Yesu huwezi kulimalizia. Au nguvu unazo, lakini moyo umekasirika. Zaburi ya 88 ni ya siku kama hiyo: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila shukrani mwishoni kama zaburi nyingine za maombolezo, na bado imo katika Biblia. Mungu ameruhusu tumwambie hivyo.

Mimi hujikumbusha pia yule mwenye kupooza wa Marko 2. Alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamshusha. Injili haisemi kwamba yeye mwenyewe aliomba chochote. Inasema Yesu "alipoiona imani yao," akamsemesha. Basi siku unayoishiwa, waachie wenzako wakubebe. Waambie wazi: leo siwezi, niombeeni. Nanyi mlio wazima, mkiombwa hivyo, msianze kumhutubia mgonjwa. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Kuna Pasaka moja ambayo wengi wetu tunaikumbuka, ile ya tarehe 27 Machi 2005. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi na mwezi uliotangulia alitobolewa koo ili aweze kupumua, alitokea dirishani mbele ya umati uliojaa uwanja wa Mtakatifu Petro. Alijaribu kusema, sauti ikakataa. Akainua mkono akawabariki kwa ishara ya msalaba, kimya. Alifariki tarehe 2 Aprili. Alikuwa amehubiri Pasaka nyingi kwa lugha nyingi, lakini mimi ile isiyo na maneno ndiyo inayonisimamisha hadi leo.

Pasaka haituambii kwamba majeraha hayakuwepo. Jioni ile milango ikiwa imefungwa kwa hofu, Mfufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu. Mwili ule ni wa utukufu, na alama bado zipo. Ndipo ninapopata ujasiri wa kuamini kwamba na huu wangu, wenye makovu ya sindano, haujasahauliwa. Na ile ahadi ya Ufunuo 7, "wala hawataona kiu tena," sisi wagonjwa wa figo tunaisoma neno kwa neno.

Basi nawasalimu nyote mlio wodini leo, na ninyi mliobaki nyumbani mkisikiliza ibada kwa redio kwa kuwa safari hamwiwezi. Nawasalimu wauguzi mlioacha familia zenu kuja zamu, mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa mtakaopeleka Meza ya Bwana kitandani kwa mtu. Kama unaye jirani mgonjwa, pita kwake kabla wiki ya Pasaka haijaisha, umuulize kwanza kama ana nguvu ya kupokea mgeni. Amani ya Bwana mfufuka iwe nanyi. Niombeeni, nami nawaombea.