Mboga tule, lakini vidonge vya presha tusiviache

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Hapa Lamu siku hizi, ukikaa barazani husikii ila habari ya damu yenye asidi. Watu wanauziwa maji ya chupa yanayoitwa ya alkali, yaani kinyume cha asidi, wanaambiwa samaki, nyama na mkate vinaharibu damu, na kwamba mwenye presha au sukari akila vyakula vya alkali pekee aweza kuweka dawa kando. Mama mmoja jirani yangu aliviacha vidonge vyake. Alipokuja kupimwa, presha ilikuwa imepanda vibaya, na watoto wake hawakulala usiku ule.

Damu ya mtu mwenye afya hubaki kwenye pH, kile kipimo cha asidi na alkali, kati ya 7.35 na 7.45, ale atakacho. Kazi hiyo ni ya mapafu na figo. Kinachobadilika kwa chakula ni mkojo, ndiyo sababu anayejipima mkojo kwa vile vikaratasi vya kupimia asidi huona rangi imegeuka, akadhani damu imetakata. Na hayo maji ya bei yakifika tumboni hukuta asidi kali kama ya ndimu, alkali yake ikaishia hapo.

Mboga zenyewe zinafaa, tena sana. Mchicha, tembele, kisamvu na majani ya kunde yana potasiamu inayosaidia kushusha presha, na nyuzinyuzi zinazozuia sukari kuingia damuni kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Utafiti wa DASH, wa mlo wa kushusha presha, uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha mlo wenye mboga na matunda kwa wingi unashusha presha, na mlo ule ulikuwa na samaki, kuku na nafaka, vitu vile vile tunavyoambiwa ni sumu.

Linaloniuma zaidi ni magadi. Zamani ilikuwa kidogo tu, mboga ziive upesi na zibaki kijani. Sasa kwa jina la alkali mtu anatia kijiko kizima, mwingine anakoroga kwenye maji na kunywa asubuhi. Magadi yana sodiamu, ile ile ya chumvi, inayopandisha presha! Na vitamini C ya mchicha huharibika sufuriani. Mwenye maradhi ya figo naye asijiongezee mboga ovyo kabla ya kumuuliza daktari, maana potasiamu ikizidi inaweza kuudhuru moyo.

Mboga zetu nyingi zatoka bara, Mpeketoni, zavushwa Mokowe kwa boti, na zikifika sokoni bei imepanda. Pesa ya maji yale ingenunua mafungu ya mchicha.

Naiomba idara ya afya ya kaunti itume wauguzi misikitini baada ya swala na kwenye mabaraza ya Mkomani na Langoni, wawapime watu presha na kuwaeleza haya kwa lugha yetu. Na muuzaji anayemwambia mgonjwa aache dawa achukuliwe hatua.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu