Mazoezi ya Jumamosi: Vivaldi kwa filimbi mbili za rekoda

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi hii tunakutana saa 9 alasiri kwenye ukumbi wa kanisa, si kwangu tena, maana majirani wana msiba.

Tunaanza konseto (muziki wa mpigaji mmoja na okestra) ya fidla ya mtunzi Vivaldi, Opus 3 namba 6, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1711. Iko katika ufunguo wa A maina, nami nimeipandisha hadi D maina: fidla hushuka mpaka G iliyo chini ya C ya kati, wakati rekoda zetu za alto (za ukubwa wa kati) haziwezi kushuka chini ya F iliyo juu ya C hiyo. Palipopanda mno nimeshusha oktava moja.

Kazi kubwa ni pumzi. Mpiga fidla anakimbiza noti mfululizo bila wasiwasi, sisi tutazimia. Kwa hiyo kwenye Allegro, sehemu ya kwanza, sauti ya kwanza inapiga baa (vipimo vya muziki) mbili, ya pili inapokea, na asiye na melodia anashika besi. Vuteni pumzi kwenye alama ya koma tu. Nawajua!

1. Kila jozi ipitie Allegro, taratibu kwanza. Presto, sehemu ya mwisho, iacheni.
2. Njooni na penseli na stendi.
3. Nakala ya noti ni shilingi 200 kila mtu, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Mwenye rekoda ndogo ya soprano pekee aniambie mapema, kuna alto moja ya kuazima.

Tafadhali jibuni hapa kabla ya kesho saa 2 usiku: upo au haupo, na unataka sauti ya kwanza au ya pili. Asanteni sana.