Kiatu kifupi hakipanuki, wazazi na wakimbiaji mnisikize

Kwako Mhariri,

Mimi ni fundi wa viatu hapa Kisumu, nakaa kando ya barabara kati ya Kondele na Kibuye na huu ni mwaka wa kumi na moja niko kwa hicho kiti. Gazeti nalisoma kila siku juu kuna mteja huniachia lake akishamaliza, na kurasa za michezo ndizo naanza nazo. Habari za mbio nazipata vizuri, nani ameshinda na kwa saa ngapi, lakini kuna jambo naletewa kila wiki na sijaona likiandikwa, ndio maana nimechukua simu nikaamua kuandika mwenyewe.

Mwezi wa pili alikuja kijana mmoja anafanya mazoezi ya mbio, amebeba raba kwa karatasi ya nailoni, mpya kabisa. Alinunua duka moja la mjini shilingi 3,500, pesa ya kuchimba mitaro wiki nzima. Akaniambia fundi, nipanulie hapa mbele. Nikamwambia vua soksi kwanza nione. Kucha za vidole gumba zote mbili zilikuwa nyeusi, moja imeinuka inataka kutoka, na kwa kisigino lengelenge limepasuka limeshikana na soksi. Nikatoa ile soli nyembamba ya ndani, nikaiweka chini akasimama juu yake na uzito wake wote, kidole gumba kikapita ukingo na kile kidogo cha pembeni kikamwagika nje kabisa. Alikuwa anakimbia na hicho kitu kutoka Nyalenda hadi Dunga na kurudi.

Sasa niseme ukweli ambao mafundi wengine hawatakwambia juu wanataka hizo mia mbili zako. Kiatu cha ngozi cha ofisi naweza kukitanua kidogo kwa upana, naloweka naweka kalibu ya mbao kinakaa usiku mzima. Raba ya kukimbia imeshonwa kwa neti na kugandishwa juu ya sponji, urefu wake hauongezeki hata ufanye nini, na ukilazimisha gundi inaachia. Muuzaji akikwambia "kitapanuka ukikivaa" rudisha pesa mfukoni uende meza inayofuata.

Wazazi nao, hapa nawaomba sana. Desturi yetu ni kupima mguu wa mtoto na kijiti au kamba, unaenda nayo sokoni ukimwacha mtoto nyumbani. Si vibaya, mama yangu alinipima hivyo hivyo. Shida ni vile tunapima, mtoto ameketi na mguu haujalaliwa na uzito, halafu sokoni tunaweka kijiti chini ya kiatu kwa nje kwa soli, na soli ya raba huwa ndefu kuliko nafasi ya ndani. Msimamishe mtoto wima kisigino kikiwa kwa ukuta, weka alama pale kidole kirefu kinafika (kwa watu wengine ni cha pili, si gumba), pima miguu yote miwili ukate kijiti cha ule mkubwa. Ukifika sokoni ingiza kijiti ndani ya kiatu mpaka kiguse mbele, na nyuma ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Kuna wale wananunua saizi mbili juu ati mtoto atakua, wanajaza karatasi mbele, mtoto anakimbia mguu ukiteleza ndani kama samaki kwa beseni, anaanguka, na hizo malengelenge ni mimi naziona wakija kushonewa.

Ukinunua chako mwenyewe nenda jioni. Mguu huvimba mchana na huvimba pia ukikimbia, kiatu kinachokutosha vizuri saa mbili asubuhi kitakubana kilomita ya tano. Na bahati nzuri jioni ndio muuzaji wa mtumba anataka kufunga, bei inashuka. Beba soksi unayokimbilia nayo. Usishikilie namba peke yake juu kampuni hazilingani, namba 8 ya Uingereza kwa moja imeandikwa sentimita 26.5 na kwa nyingine 27, angalia lebo kwa ulimi wa kiatu usome sentimita. Na kuna kitu wengi hawajui, ukiona 2E au 4E kwa hiyo lebo hicho ni kiatu kipana. Wengi wetu tumekua tukitembea miguu mitupu shambani na kwenda shule, mguu umetanuka mbele, hizo raba nyembamba hazikutengenezwa kufuata huu mguu, kwa hivyo ukipata 2E inayokutosha shikilia hapo hapo. Wanawake wenye mguu mpana pia msiogope upande wa wanaume, hakuna mtu anakagua.

Soko la Kibuye Jumapili ndio kuna chaguo kubwa. Kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, itakuwa bei juu, fagia, yale mabaki ya mwisho, ni ya chini, lakini katikati hapo kuna raba nzuri sana za kati ya elfu moja na elfu mbili ukijua kuongea. Mtumba kwanza usiangalie rangi na jina, umeoshwa na kupigwa brashi utadhani umetoka jana. Weka kiatu juu ya meza iliyo sawa, inama ukiangalie kutoka nyuma. Kikilala upande mmoja kiache, yule aliyekivaa kwanza aliukanyaga upande huo mpaka sponji ikafa, na wewe ndio utalipa kwa goti. Bonyeza sponji ya pembeni na kidole gumba, inafaa iingie kidogo irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya kulala isiyofunguka, imeisha hata kama juu inang'aa. Halafu kikunje, kinafaa kukunjika pale vidole vinakunjika, kikikunjika katikati ya unyayo hicho ni cha kutembelea dukani. Pitisha ukucha pale soli imeshikana na juu, ukiona gundi mpya imetapakaa ujue soli ilishaachia mara moja. Kuna raba zimekaa stoo miaka mingi huko zilikotoka, kwa macho ni mpya, ukikimbia nazo mvua moja soli inamomonyoka kama mkate, hiyo hata mimi siwezi kushona.

Vijana wananiambia fundi, bila zile raba za kaboni, zenye bamba gumu ndani ya soli, huwezi kitu, juu walimwona Eliud Kipchoge Vienna 2019 akimaliza umbali wa marathoni kwa 1:59:40. Zile za kweli ni zaidi ya elfu thelathini, kwa hivyo ile unauziwa elfu nne mjini ikiwa mpya na boksi lake fikiria mara mbili. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 kwa miguu mitupu kwa 2:15:16, na inasimuliwa kwamba viatu alivyojaribu kule havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye Tokyo akashinda tena, sasa akiwa na viatu. Sisemi mtu akimbie miguu mitupu kwa hizi barabara zetu za chupa na misumari, nasema hata bingwa alikataa kiatu kinachomuumiza.

Ombi langu ni kwa wauzaji. Msifunge viatu pamoja na kamba mteja akajaribu kimoja tu amesimama mguu mmoja kama korongo. Mfungulieni, avae vyote viwili, aache vyake na kitambulisho hapo kama mnaogopa, akimbie hata hatua ishirini arudi. Kisigino kikiruka ruka mwonyesheni lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu huliacha, akipitisha kamba hapo mguu unashikwa. Na wewe Mhariri, msimu wa michezo ya shule ukifika naomba mtuwekee hata nusu ukurasa kwa mambo haya.

Yule kijana tulienda naye Kibuye Jumapili iliyofuata, akapata raba ya kijivu shilingi 1,100, haina jina kubwa, ikamkaa. Ile ya 3,500 duka lilikataa kurudisha, ikabidi ampe ndugu yake mdogo. Kwa kiti changu sasa nimeweka karatasi ngumu, kalamu na rula, mtu yeyote akitaka kupimwa mguu kabla ya kwenda sokoni apite tu, hiyo siitozi.

Fundi wa viatu,
Kondele, Kisumu.