Kwa vijana wapiga picha za harusi: kabla ya difyuza, tazameni dari

Salaam sana, vijana wangu.

Kila msimu wa harusi ukikaribia mnaulizana swali lile lile: ninunue difyuza ya flashi (kifuniko cha kulainisha mwanga wake) au niache? Jibu langu nalitoa mapema, kwa ajili ya yule ambaye yuko njiani kwenda dukani. Kwa kazi za ukumbini, difyuza ya kubana kichwani mwa flashi inunuliwe mwisho. Itanguliwe na flashi ya pili, seti mbili za betri za kuchaji na mwavuli mweupe wenye stendi. Ambao kazi zenu nyingi ni za vyumba vidogo, mnaweza kuipandisha ngazi moja.

Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa kile kinachowaka, ukilinganisha na umbali wake kutoka usoni. Kioo cha flashi ya kawaida kina upana wa sentimita saba hivi na kimo cha sentimita tano. Ukikivisha kikofia cha plastiki, yaani difyuza iliyozoeleka, kinaongezeka kidogo tu. Mtu akisimama mita 3 kutoka kwako, taa ya sentimita saba na taa ya sentimita tisa kwake ni kitu kimoja. Kivuli nyuma ya sikio kitabaki kikali, na mstari mweusi utabaki ukutani.

Mbona basi picha za chumba cha kumvalishia bibi harusi hutoka laini ukitumia kikofia? Kwa sababu kikofia hutawanya mwanga kila upande, ukagonga dari nyeupe na kuta nyeupe, ndipo ukamrudia bibi harusi. Kilichomwangazia ni chumba kizima. Chukua kikofia kile kile ukatoke nacho bustanini jioni: mwanga uliokwenda juu na pembeni haurudi tena, na kinachomfika mtu ni kile kidogo kilichokwenda mbele, kikali vile vile.

Gharama ya kikofia ni stopu moja hadi mbili, na kila stopu ni kupoteza nusu ya mwanga. Stopu mbili maana yake flashi ifanye kazi mara nne. Picha uliyoipata kwa 1/16 ya nguvu kamili ya flashi sasa inataka 1/4. Hapo ndipo wengi mnaumia bila kujua chanzo. Fikirieni foleni ya zawadi: shangazi wanaingia wakicheza na kitenge juu, nyuma yao wafanyakazi wenzake bwana harusi, kila kundi linasimama mbele ya maharusi kwa sekunde chache na MC ameshaita lingine. Flashi ya betri nne ndogo ikipigwa karibu na nguvu kamili inahitaji sekunde tatu, nne au zaidi kujaa tena, na betri zikichoka inazidi kuchelewa. Unabonyeza, kamera inapiga, flashi haiwaki. Ukiilazimisha mfululizo inapata joto, na nyingi zina kinga ya kujipunguza mwendo au kujizima zikichemka. Kikofia kilichobana sana kinazuia joto kutoka, na kioo cha mbele huanza kuwa cha njano kidogo kidogo.

Sasa niwaeleze jambo linalozihusu ngozi zetu, kwa sababu mafunzo mengi yanayosambaa hayaligusi. Paji la uso lenye mafuta, jasho au vipodozi linafanya kazi kama kioo: unachokiona juu yake ni sura ya taa yenyewe. Taa ndogo inatoa nukta ndogo nyeupe inayochoma, isiyosahihishika hata ukipiga RAW (faili ghafi la kamera). Taa kubwa inatoa mng'ao mpana na hafifu unaofuata umbo la paji, shavu na pua. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo ndio unaochora uso. Ukiuondoa kabisa uso unakuwa bapa, ukiukusanya kwenye nukta moja mtu anaonekana kama amepakwa samli. Kwa hiyo tunahitaji taa kubwa kuliko yeyote, na kikofia cha sentimita tisa hakitupi hiyo.

Poda nayo iangalieni. Baadhi ya poda za kumalizia vipodozi zina silika, na krimu nyingi za kukinga jua zina madini meupe. Flashi ikitoka karibu na lenzi na kwenda moja kwa moja usoni, unga huo unarudisha mwanga mweupe: chini ya macho kunakuwa kama pamepakwa majivu, wakati kwenye kioo cha saluni alikuwa mzuri kabisa. Dawa yake ni jaribio la dakika moja. Mpambaji akimaliza, simama mita 1 na nusu, piga picha moja ya flashi ya moja kwa moja, ikuze kwenye skrini uangalie chini ya macho na pembeni ya pua. Ukiona weupe, mwambie mpambaji kwa adabu apunguze poda kwa brashi safi, kisha wewe uhakikishe flashi haimtazami uso kwa uso siku nzima.

Tukija ukumbini, kabla ya kufungua begi, inua macho. Dari nyeupe ya mita 3 ni zawadi. Geuza kichwa cha flashi juu na kidogo nyuma ya bega lako, ondoa kikofia, weka zumu ya flashi (upana wa mwale wake) kwenye milimita 50, na dari yote juu yenu itakuwa taa. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 800 hadi 1600, uwazi wa lenzi f/4, shata 1/100 ya sekunde, na hutahitaji cha dukani. Dari ikiwa mita 7, mwanga unaomfikia mtu unapungua karibu stopu tatu, yaani unabaki kama sehemu moja ya nane. Ongeza stopu mbili zinazoliwa na kikofia, na flashi yako imekwisha kabla keki haijakatwa.

Urefu si tatizo pekee. Kumbi zetu zinavalishwa vitambaa: zambarau, dhahabu, bluu ya bahari. Mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi wa zambarau, shela inageuka na meno pia. Dari ya mbao inarudisha njano iliyoiva, na makuti yanaumeza mwanga wote. Jaribu hivi: chukua kitambaa cheupe cha mezani, mtu akishike usawa wa uso pale watakapokaa maharusi, piga flashi juu, tazama rangi ya kitambaa kwenye skrini. Kikibaki cheupe, dundisha mwanga darini bila wasiwasi. Kikipata rangi, achana na dari hiyo, na achana na difyuza inayotegemea dari hiyo, hata iwe ya bei gani. Mahema meupe ni mazuri kwa kudundisha, ila kitambaa chake chembamba huvusha sehemu ya mwanga nje, basi tegemea kuongeza stopu moja.

Mahali pa kikofia panaweza kushikwa na karatasi ya manila. Kata kipande cheupe cha sentimita 15 kwa 20, kifunge nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia noti, kichwa kikiwa kimetazama juu wima. Acha karatasi iiname mbele kidogo tu sehemu ya juu. Eneo lake ni zaidi ya mara nane ya kioo cha flashi, mwanga mwingi unaendelea kwenda darini, na kiasi kinaruka mbele kujaza chini ya kidevu na kutia nukta ya uhai machoni. Flashi nyingi kubwa zina kikadi cheupe cha kuvuta kilichofichwa juu ya kioo. Kipo kwa kazi hiyo hiyo, ingawa ni kidogo. Manila ikichafuka, kata nyingine. Paka upande mmoja weusi, uugeuzie flashi, na inakuwa kinga ya kuzuia mwanga usiwapige machoni wageni wa meza ya pili.

Fedha ya difyuza ya jina kubwa mara nyingi inatosha mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga wa sentimita 100, stendi yake, na bado ukaanza kuwekeza kwenye triga (kifaa cha kuwasha flashi iliyo mbali na kamera). Huo sasa ni ukubwa wa kweli. Kwa picha ya maharusi wawili uweke mita 2 kutoka kwao, juu kidogo ya kichwa, pembeni kwa nyuzi 45. Kwa ukoo mzima, usiuache karibu. Aliye mita 1 na nusu kutoka kwenye mwavuli na aliye mita 3 wanatofautiana stopu mbili: mjomba anang'aa kupita kiasi, bibi wa upande wa pili amezama gizani. Urudishe hadi wa kwanza awe mita 4 na wa mwisho mita 5 na nusu, tofauti inashuka chini ya stopu moja. Piga f/5.6 au f/8 safu ya nyuma isipotee. Na upepo wa bahari unaangusha mwavuli bila kuuliza: ning'iniza dumu la maji la lita 5 kwenye stendi, mguu mmoja ukielekea mwavuli unakolemea. Mtoto wa mwenye harusi akigongwa na stendi, hakuna picha itakayowatetea.

Kwa ukumbi wa dari ndefu au yenye rangi, flashi mbili tupu kwenye stendi za mita 3, pembe mbili zinazokabiliana, zikitazama eneo la kuchezea, zinafanya kazi ambayo kikofia hakiwezi. Nguvu 1/8, ISO 1600, f/4, zinawafikia wachezaji walio mita 8 au 10. Ile ya juu ya kamera ibaki 1/32 yenye manila, ya kujaza tu. Zungumzeni mapema na wa video. Taa zao zikiwaka mbele ya lenzi yako, au flashi yako ikikatiza picha zao za nadhiri, nyote mmeharibikiwa.

Tahadhari kwa wanaotegemea TTL, yaani kamera kujipimia yenyewe nguvu ya flashi: gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi na kupunguza flashi, uso unakuwa mweusi kuliko ulivyo. Ongeza fidia ya flashi +0.7 hadi +1. Kundi la suti nyeusi linaidanganya kwa upande wa pili, punguza −0.7. Difyuza haisahihishi hili hata kidogo, na ndilo kosa ambalo mteja huliona kwanza anapofungua albamu.

Difyuza inafaa lini, basi? Chumba kidogo chenye kuta nyeupe, unapogeuka huku na huko na huna nafasi ya kuelekeza kichwa cha flashi kila mara. Meza za wageni chini ya dari fupi, mtu mmoja akifanya kazi peke yake. Kichen pati sebuleni. Hapo yenye mpira laini wa silikoni inavumilia kuanguka kuliko plastiki ngumu, na ile pana ya kitambaa inayokunjwa ni bora kuliko kikofia kwa sababu ina eneo. Ukiitumia, kichwa cha flashi kielekee juu au nyuzi 60. Kikofia kinachotazama mbele moja kwa moja kinachoma betri bure. Zumu ya flashi iwe pana kabisa, 24 au chini yake, mwanga ujaze plastiki yote. Na ukivuka mlango kwenda nje, kitoe ukitie mfukoni.

Nawatakia Jumamosi njema,
Mzee wenu wa kamera